Jembe la Kwanza Lilikuwa Langu

Watu wa Kasulo, mtaa wetu hapa Kolwezi, walinicheka miaka mingi, na mi niliwaacha wacheke. Mtu mzima, karani wa bohari, anarudi kazini, anavua viatu, halafu anakaa kuchonga meli ndogo ya mbao! "Tata, utaiweka mu maji gani?" waliniuliza. Kolwezi hakuna bahari, najua. Maji tuliyo nayo ni ya migodi, na hata bata hawayataki.

Meli yangu ilikuwa moja tu: ile ya moshi iliyokuwa inashuka mto Lualaba kutoka Bukama. Baba alikuwa fundi wa mashine humo, na mama aliipanda siku alipoolewa. Baba alikufa bila kuacha hata picha moja ya meli hiyo, kwa hiyo ramani yangu ilikuwa mama. Nikishabandika kipande cha kopo la dagaa, yeye anainama, anakunja uso: "Hapana. Ile bomba ya moshi ilikuwa nyuma kidogo." Nabandua, naanza upya. Mbavu za meli nilizikata kwa wembe kutoka mbao nyembamba za masanduku ya nyanya, nikazipinda juu ya mvuke wa sufuria yake. "Leo tutakula maharagi ya mbao!" alinitania, lakini hakunifukuza jikoni hata siku moja.

Yeye alikuwa na ombi moja tu, afie katika nyumba ile. Matofali yake waliyachoma wenyewe, yeye na baba. Majirani wa kushoto na wa kulia walikwisha kuchimba kobalti ndani ya vyumba vyao, wanalala na shimo chini ya kitanda. Mama alikataa kabisa. "Mi mutanitoa humu mu sanduku," alisema, na sanduku alilosema ni la maiti.

Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika. Nilitoka nje kumwaga maji niliyooshea mikono, nikaona taa. Ilikuwa ya manjano, kubwa kama mbabula, lile jiko la mkaa, uliojaa makaa, inaelea karibu na ardhi nyuma ya choo. Tochi za wachimbaji ni nyeupe, na zina mtu chini yake. Hii haikuwa na mtu, wala moshi, wala sauti. Ilitembea polepole juu ya lupango yetu, ua wote wa nyumba, ikazimika. Nilisimama pale na beseni tupu mkononi.

Kama ningekuwa na akili, ningelala. Asubuhi nikaenda kuisema kwenye kibanda cha chai.

Wee! Wote waliweka vikombe chini. Kwetu kila mtu anajua: taa isiyo na mwenyewe, inayoelea chini, ni madini yanapumua. Wanaume ambao hawakuwahi kunisalimia vizuri walinipa kiti. Nikasimulia. Akaja mwingine, nikasimulia tena. Mara ya nne taa ilikuwa imekua, na ilikuwa imesimama kabisa nyuma ya ukuta wa jiko letu. Nasema kwa aibu: hakuna aliyewahi kunisikiliza namna ile, na nilisikia utamu.

Habari ilifika Dilolo, kule kaka yangu mkubwa anakofanya biashara. Baada ya siku tatu alikuwa mlangoni na wachimbaji wanne. "Mudogo, baba ametuachia mali, weye unacheza na mbao!" Nilimwambia mama hataki. Hapo akapandisha sauti ili wote walioko barabarani wasikie: "Kama uliona, piga. Kama haukuona, sema ulidanganya."

Wachimbaji wana desturi yao. Aliyeona taa ndiye anayepiga jembe la kwanza. Bila mkono wake hakuna anayeshuka, wanaogopa ardhi itawafungia. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mkononi mwangu. Ilitosha niseme: nilidanganya. Neno moja, wangecheka, wangeenda zao. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitenge mdomoni, ananitazama. Nikashika jembe, nikapiga.

Walishuka wiki mbili, pale nyuma ya ukuta wa jiko. Walikuta udongo mwekundu, kisha maji. Jiwe la kujaza hata sahani halikutoka. Mvua za kwanza zilipokuja, ukuta wa nyuma ulipasuka, hata mtu akaweza kuingiza mkono mzima, na baadaye jiko likazama lote na meli yangu ndani. Kaka alikuwa amekwisha kurudi Dilolo, eti biashara inamngoja. Mshenzi! Mi nikambeba mama mgongoni mpaka kwenye chumba cha kupanga, upande wa Kingamyambo.

Miezi mizima nilimtukana kaka mbele ya kitanda cha mama. Asubuhi kaka, jioni kaka. Mama alilala akiutazama ukuta wa nyumba ya watu, hata chakula changu alikila akiwa amenipa mgongo.

Siku tatu kabla hajafa, katika chumba hicho, aliniita nikae karibu.

"Ile taa. Uliionaka kweli?"

"Niliiona, mama. Mpaka leo sijui ilikuwa nini."

"Sasa juu ya nini ulienda kuisema kwa batu?"

Jina la kaka lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza.

"Kwa sababu walikuwa wananisikiliza."

Akageuka, akanitazama usoni.

"Mi nilikuwa nakusikilizaka kila siku," akasema.