Paka wa Karakana ya Magodoro

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Shangazi Pamba aliweka kiganja mbavuni mwa paka wake, Kamanda, akahesabu pumzi huku jicho liko kwenye saa ya ukutani. Zikiwa ishirini na tano kwa dakika, aliwasha jiko. Zikifika hamsini, aliliacha jiko akaketi kando yake.

Jina la Pamba alilipata kazini. Miaka kumi na tisa alichambua pamba na kushona magodoro katika karakana ya kaka yake, na chumba chake kilikuwa nyuma ya hiyo hiyo karakana. Kamanda alipobanwa kifua mara ya kwanza, akanyoosha shingo sakafuni na kukohoa kama mtu aliyepaliwa, daktari wa mifugo alimpa vidonge vya steroidi. Kifua kikafunguka. Naye shangazi, kwa huruma, akamhamishia kwenye rundo la pamba laini kuliko zote.

Pumu ikarudi. Vidonge vikaongezwa. Kisha Kamanda akaanza kunywa maji kama ng'ombe, anakula lakini anakonda, na mkojo wake unavuta sisimizi.

"Huenda ni sukari," daktari alisema, "na huenda vidonge ndivyo vimeileta. Nitampima tena kesho kutwa."

"Basi naviacha leo leo!"

"Thubutu! Ukivikatisha ghafla utamuua. Tutapunguza kidogo kidogo. Ila mama, huyu analala wapi?"

Alipoambiwa, daktari alimtoa shangazi kishungi cha pamba begani. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Shangazi alirudi karakanani. Kumbe ni yeye aliyekuwa akimtandikia mauti, vumbi la pamba ile!

Alimwomba kaka yake ahamishie pamba uani.

"Jana pumu, leo sukari! Bado presha tu, awe mzee wa mtaa," kaka alisema, mafundi wakaangua kicheko. "Dada, pamba ndiyo inatulisha. Chagua."

Kikapuni alimobebwa kutoka kwa daktari, kifua cha Kamanda kilikuwa kikitoa mluzi.

Alivua gauni la kazi, akavaa nguo iliyofuliwa, akabeba kikapu na vidonge.

"Wewe! Na magodoro ya bweni la shule je? Yanatakiwa Ijumaa!" kaka alimpigia kelele.

Hakujua kazi nyingine, wala pa kulala usiku ule. Hata hivyo, miguu ilikwisha kuvuka kizingiti.

"Atarudi tu," kaka aliwaambia mafundi.

Ijumaa, godoro la mwisho lilishonwa na mtu mwingine.