Rekodi za Kasa Zilizopungua

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa Watamu, kwenye kikundi kinachotibu kasa walionaswa nyavuni. Rekodi zao hazikukaa kwenye majedwali. Kila kasa alikuwa na hati yake, na hakuna hati mbili zilizofanana: huyu ana jeraha la ndoana, yule hana ila uzito. Zana ya kompyuta niliyoizoea chuoni ilijua majedwali tu. Nikaikunjakunja mpaka ikasoma hati, nikaitajia sehemu kumi na mbili za kushughulikia. Na kwa kuwa siamini kitu, niliiagiza iandike saa ndani ya hati kila ninapoifungua kuikagua.

Haikupita wiki, maelezo yakaanza kutoweka. Mwandishi wa rekodi, mama mmoja wa Mambrui, aliongeza kupitia simu yake lolote aliloambiwa na wavuvi: rangi ya wavu, upande wa mwamba. Asubuhi yapo, adhuhuri hayapo. Nikamshuku. Pengine mwenye wavu ni nduguye. Pengine ameahidiwa kitu. Nikawa nafungua hati zake kila saa, na kadiri nilivyokagua ndivyo zilivyopungua, nikazidi kuamini.

"Mbona wanitazama kama askari wa forodha?" aliniuliza.

"Hamna neno, mama."

"Basi yapumzishe hayo macho, yatakudondoka."

Nilimweleza mkuu wetu. Akasema mkataba wa mama unaisha Ijumaa, hatauongeza.

Habari zikamfikia mama. Alhamisi alivuta kiti akaketi kando yangu, akaandika kwenye simu: wavu wa kijani. "Haya, ikague."

Nikafungua hati kwenye kompyuta, nikaifunga. Akanionyesha simu. Wavu wa kijani haupo.

"Mikono yangu hii hapa," akasema, ameiinua yote miwili. "Nani amefuta?"

Hapo nikaelewa. Ili kuandika ile saa, zana yangu iliiandika upya hati nzima kwa sehemu kumi na mbili inazozijua. Zilizobaki iliziacha nje. Kila nilipomchunguza, nilikuwa namfutia.

"Twende kwa mkuu," akasema. "Tangulia wewe, mwenye maneno."

Mkuu alinisikiliza, akauliza kama nina hakika. Nikaomba dakika tano nirudi nikafungue hati nyingine mbili tatu, nithibitishe.

Mama akanishika shati. "Ukome kufungua! Sema ni wewe."

"Ni mimi," nikasema.

Mkuu akatoa mkataba mpya. Mama aliusoma wote, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kutia sahihi, na hakuna aliyemharakisha.