Sabuni Inayochagua Rafu

Miaka kumi na tisa mwanamke huyu aliosha visahani vya kioo katika maabara ya kupimia mbegu, na pale kazini, toka mlinzi hadi Mkuu, wote walimwita Mama Visahani. Msidhani ni kazi ya mchezo. Mbegu hulazwa kwenye kisahani juu ya karatasi mbichi, kisha baada ya siku kadhaa wanahesabu ngapi zimeota. Sabuni ikibaki, mbegu zinakufa. Aliagizwa asuuze maji matatu. Yeye alisuuza matano.

Tena alikuwa na desturi yake. Vikishakauka, alivigawa kama mama mwenye watoto wenye wivu: kimoja rafu ya juu, kimoja ya kati, kimoja ya chini, hivyo hivyo mpaka viishe, visije vikachakaa kwa upendeleo. Vikitiwa mbegu, kila kimoja kilirudi kwenye rafu yake. Vijana wa maabara walimcheka. Akawaacha wacheke.

Basi mbegu zikaanza kufa. Mkuu akaitisha kikao, akakohoa kidogo, akasema, "Katika sayansi, maelezo yakishindana tunachukua yaliyo mepesi. Na mepesi ni haya: Mama Visahani hasuuzi." Siku ya pili barua ikatoka. Mwisho wa mwezi, kazi basi.

Hebu niambieni, nani alimwona hasuuzi? Hakuna! Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa maabara ile palikuwa pale kwenye karo la kuoshea vyombo.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, aliisoma barua ile mara mbili. "Mke wangu, omba radhi tu yaishe."

"Niombe radhi kwa sabuni gani? Miaka kumi na tisa, leo niondoke na jina la mchafu?" Chakula kilimshinda siku hiyo.

Asubuhi hakwenda kwenye karo. Alikwenda kwenye rafu, akakagua kisahani kimoja kimoja. Juu mbegu zimeota. Kati zimeota. Chini zimekufa zote. Akapapasa ukuta wa nyuma kwa kiganja, akashtuka, kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu, bila hata kubisha hodi.

"Bwana Mkuu, mbona sabuni yangu inaua rafu ya chini peke yake?"

"Labda vile vya juu ulivisuuza vizuri."

"Vyote vimetoka beseni moja, nikavigawa juu, kati na chini. Kila mtu hapa anajua."

"Labda siku hizi hugawi hivyo."

"Na miaka yote hiyo mbona hazikufa?"

"Umri, mama. Labda umechoka."

Damu ikamchemka. "Labda tatu hizo! Mume wangu ni fundi cherehani, na anajua nguo ikizidi viraka inakuwa si nguo tena. Maelezo yako ndiyo mepesi hayo? Mimi nina moja tu. Nyuma ya ukuta ule kuna jokofu ulilolileta mwezi uliopita, ukachagua mwenyewe likae pale. Mota yake iko chini. Njoo uguse ukuta."

Mkuu akaja, akagusa, akaurudisha mkono haraka. Halafu, mtu mzima na elimu yake yote, akasema joto lile ni dogo, haliwezi kuua mbegu.

"Basi osha wewe," akasema Mama Visahani.

Watu wakajaa mlangoni. Mkuu akakunja mikono ya shati, akaosha visahani kumi na viwili, akasuuza maji saba. Mama akaosha kumi na viwili vyake. Vya kila mmoja vikatiwa mbegu, vikagawanywa, nusu juu, nusu chini, na mlinzi akafunga mlango, akakaa na ufunguo.

Baada ya wiki wakafungua. Juu zimeota zote, zake na za Mkuu. Chini zimekufa zote, zake na za Mkuu. Yale maji saba hayakusaidia kitu.

Kanuni ya Mkuu haikuwa na kosa, nami siitukani. Maelezo yasiyohitaji viraka ndiyo ya kuanza nayo. Lakini yeye alichukua yaliyokuwa mepesi kwake: mwosha vyombo anafukuzika, jokofu la Mkuu halifukuziki. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo!

Jokofu likahamishwa. Mkuu akamwita ofisini, akamkabidhi barua mpya, kurasa mbili nzima: kufuatia uchunguzi wa kina, kwa kuzingatia mazingira yaliyojitokeza, uamuzi wa awali umesitishwa.

Mama Visahani akaisoma hadi mwisho, akairudisha mezani.

"Bwana Mkuu, hii ndefu. Wewe si unapenda mepesi? Andika 'nilikosea', utie sahihi, tuibandike mlangoni pa chumba kile cha kikao uliponisingizia."

Mkuu akaishika kalamu. Neno lile moja lilimchukua muda mrefu kuliko zile kurasa mbili, na mama akasimama pale pale, mikono ingali na maji, akimngoja amalize.