Maziwa ya Ng'ambo

Mzungu wa usafi alipoamuru mbuzi wote waondolewe mtaani kwetu Kindu, majirani wengi waliwachinja mbuzi wao. Mama alikataa. Aliwavusha mbuzi wake wawili wa maziwa mpaka ng'ambo ya Lualaba, kwa dada yake, na tangu hapo tukawa tunapanda mtumbwi kila asubuhi kwenda kukamua.

Siku moja yule mzungu alitukuta tukishuka bandarini, Mama akiwa na sufuria kichwani.

"Ile njo nini?"

"Maziwa ya mbuzi."

"Mbuzi nilikataza."

"Ulikataza mbuzi, bwana. Maziwa haukukataza."

Alisema hivyo bila kushusha macho. Mimi niliogopa kwamba watamfunga. Mzungu aliwatazama wapagazi waliosimama kusikiliza, akawa mwekundu, akaenda zake.

Nyumbani Mama alichemsha maziwa, akatutilia kwenye chai, mengine akayaacha yagande tuyale na wali. Jioni alikuja jirani mmoja aliyekuwa bado amemficha mbuzi wake jikoni. Mama alimpa kikombe.

"Kesho umulete mapema," alimwambia. "Katika mutumbwi nafasi iko."