Koti la Juani
Mwezi wa Bhadro, mvua ikitupumzisha kidogo hapa Kolkata, mama wa ghorofa ya juu hupanda paani na kabati lake zima: sari za hariri, mablanketi, na koti la sufu la mwanawe Dipankar, anayeishi Kanada. Koti hulipiga kwa kiganja, hulinusa kwapani, hulipiga tena. Wingu likipita hulitukana, "Toka hapo, mwizi wa jua!" Majirani humcheka: "Mama, utalitoboa hilo koti!" Naye hujibu, "Chekeni tu, kuvu haichagui kabati."

Majira ya baridi yaliyopita Dipankar alikuja, akanywa kikombe kimoja cha chai, akaenda zake kulala hotelini. Eti nyumba ina uvundo. Nyumba aliyozaliwa!

Jana mama alinisukumia koti usoni. "Nusa, mwanangu. Bado lina uvundo?" Nikanusa. Lilinukia jua tupu. "Halina, mama."

Akalichukua, akalitandaza tena, kisha akainua pindo la sari aliyoivaa, akalinusa muda mrefu.

"Basi ni mimi," akasema, akaenda kuketi juani, kando ya koti.