Ananisomesha Mbele za Watu Tu

Admin, ficha jina langu kabisa, watu wa kwetu wako wengi hapa. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa kutoka upande wa Otonglo. Baba alikuwa mvuvi, mama anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Nimeitwa chuo kikuu kusomea ualimu.

Baba mdogo, ndugu ya baba, ananitia kichefuchefu, wacha niseme ukweli. Siku ya mazishi ya baba alinivuta mbele ya jeneza akatangaza kwamba kuanzia leo huyu ni mtoto wake, atanisomesha mpaka nivae joho. Watu wakapiga makofi. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa tayari kunilipia karo, lakini kwetu mtu akishakuchukua hivyo mbele ya maiti, mwingine haingilii. Mjomba akarudi nyuma.

Barua ya chuo ilipokuja nilimpelekea baba mdogo hotelini kwake. Hata hakuishika. Alikuwa anafyonza kichwa cha samaki, mafuta mpaka kidevuni, akaniambia, "Chuo kikuu ni ya watoto wamezoea maisha makubwa. Wewe mtoto wa omena utaenda kupotea huko. Kaa hapa uoshe sahani." Wiki hiyo hiyo alimpeleka binti yake chuo, na alama zake ziko chini ya zangu. Mimi ndiye nilimpigia pasi nguo.

Sasa anatafuta kiti cha siasa. Kila mkutano nasimamishwa, yatima anayesomeshwa, halafu narudi kwa sufuria zake. Shenzi kabisa!

Nilimpigia mjomba. Akasema mikono yake imefungwa mpaka mimi mwenyewe nimkatae baba mdogo mbele ya watu, vile alivyonichukua mbele ya watu. Mama naye ananiomba ninyamaze, kwa sababu tunaishi kwa boma la baba mdogo na anaweza kumfukuza.

Kinachoniudhi zaidi ni mimi mwenyewe. Juzi mteja aliniuliza kama nitaenda chuo, nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya watoto wamezoea. Nilisikia aibu mpaka nikaenda nyuma kulia.

Jumapili hii natakiwa nisimame kanisani nimshukuru, na chuo kinafunga usajili Ijumaa inayofuata. Mjomba atakuwa hapo. Nikisema ukweli nitasoma, lakini mama anaweza kulala nje. Nikishukuru, nitaosha sahani za huyu mtu mpaka nizeeke. Nishaurini jamani, nikisimama niseme nini?