Tyubu Niliyompa Dada

Dada yangu alizaliwa na ngozi isiyovumilia kitu. Sabuni yenye manukato ikimgusa, alikuwa akiwashwa mpaka anajikuna na kutoka damu. Kiangazi kikiingia, miguu yake ilipauka kana kwamba amekanyaga majivu, na nyuma ya magoti yake palikuwa na mabaka magumu yaliyopasuka kila alipochuchumaa. Mimi alinizidi kwa miaka sita, na ngozi yangu ilikuwa kinyume chake. Nilipobaleghe uso ukaanza kutoa mafuta, kisha chunusi zikajaa kwenye paji na kidevuni, nyingine kubwa zenye maumivu.

Tulikaa Garsen. Baba alikuwa Mpokomo wa Ndera, mkulima, na Mama mtu wa Kipini. Mama alikuja na desturi za kwao, na katika hizo hakuna aliyoishika kama ya mafuta ya nazi. Ndugu yake wa Kipini alikuwa akikamua mwenyewe na kututumia kwenye chupa kila alipopata mtu wa kuja upande wetu. Mafuta hayo yalikuwa ya Dada. Sisi wengine tulijipaka tulichopata.

Namkumbuka Mama akimshughulikia Dada hata alipokuwa msichana mkubwa. Maji yawe ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Asijisugue kwa dodoki. Akitoka kuoga, asijifute kwa nguvu, aguseguse tu kwa leso kuukuu iliyolainika, na kabla mwili haujakauka Mama awe ameshamimina mafuta kiganjani na kuyapasha kwa kusugua viganja. Alianzia mgongoni, akashuka mikononi, akamaliza kwa magoti. Walikuwa wakiongea mambo yao hapo, na mimi nikipita walishusha sauti.

Mimi nilipewa maneno tu. "Toa mikono usoni," Mama aliniambia mara kumi kwa siku. "Nawa asubuhi, nawa jioni, basi. Ukizitumbua zitakuachia alama." Mara mojamoja alinisagia liwa kwenye jiwe akanipaka chunusi zilizovimba. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikuwa na subira hiyo. Nilizitumbua mbele ya kioo cha Baba cha kunyolea, nikaenda shule na uso wenye vidonda.

Dada alichumbiwa na kijana aliyefanya kazi ofisini Hola. Harusi ilipangwa, kisha ikaja ile mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba. Mto ulipanda ukachukua shamba la Baba lote, mpunga na migomba, na ukaingia hadi uani kwetu. Tulihamia mahali palipoinuka tukakaa chini ya turubali pamoja na familia nyingine. Njia ya Malindi ilikatika, na ya Kipini pia. Harusi ikasogezwa hadi maji yatakapotoka.

Mafuta ya nazi yalikwisha katika wiki ya pili. Tulioga maji ya mafuriko, mekundu kwa tope, tuliyoyatuliza kwa shabu, na sabuni iliyokuwapo ni ya kufulia. Hata sisi wenye ngozi ngumu tuliwashwa. Dada aliumia. Mabaka yalitoka nyuma ya magoti yakapanda mapajani na shingoni, na usoni akatoka vipele vidogo vilivyotoa maji. Mama alimfunga vitambaa viganjani ili asijikune usingizini.

Mama mmoja wa Kiorma, aliyekuwa akituletea maziwa siku za nyuma, alikuwa kwenye turubali la pili. Alikuwa amepoteza ng'ombe karibu wote. Siku moja alikuja na kikombe cha samli. "Mpake huyu msichana," alisema. "Watoto wetu tunawapaka hii." Mama alimshukuru. Dada alipakwa siku mbili, na ngozi ilianza kulainika. Siku ya tatu alikataa. Alisema ananuka kama zizi, na yeye ni mchumba wa mtu. Mama hakumlazimisha. Samli ile tuliilia wali.

Maji yalipotoka tulirudi nyumbani tukakwangua tope kutani. Haukupita muda, wanawake wa upande wa bwana harusi wakaja kutupa pole na kupanga siku upya. Shangazi wa bwana harusi alikuwa mbele yao, mama mnene mwenye sauti nzuri. Alimshika Dada kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango.

"Jua na maji vimekuharibu, mwanangu," alisema. Kisha akamgeukia Mama. "Mtamsafisha lakini, siyo? Watu wa Hola wana maneno."

Mama alisema, "Mungu akipenda," akaenda kupakua chakula. Dada alikaa na uso wake pale pale ulipoachwa.

Wakati huo mimi nilikuwa na siri. Shuleni kulikuwa na msichana aliyekuwa na chunusi kama zangu, na baada ya likizo alirudi uso laini. Alinikamulia kidogo kwenye karatasi ya daftari krimu nyeupe isiyo na harufu. Nilijipaka siku tatu usiku, na chunusi zikakauka. Nikatafuta tyubu yangu katika duka moja la mjini. Mwenye duka hakuniuliza chochote. Kwa wiki moja uso wangu ukawa kama wa mtoto, na Mama akasema, "Umeona? Ulipotoa mikono zimekwisha."

Siku ileile ya wageni, walipoondoka, nilimfuata Dada nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa juu ya kinu, hakuwa akilia.

"Dada, jaribu hii," nilimwambia, nikamwekea mkononi tyubu ya pili niliyokuwa nimenunua.

Aliigeuza akasoma maandishi. "Ya nini?"

"Ya ngozi. Nimetumia mimi. Niangalie."

Aliniangalia, akanipitishia kidole shavuni. "Mama anajua?"

"Hajui. Atakuambia usubiri mafuta ya Kipini."

Aliichomeka tyubu kwenye mkunjo wa leso. Nilifurahi. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akinipa vitu, na mara hii mimi ndiye niliyempa.

Vipele vilikauka. Mabaka yaliondoka. Kisha rangi yake ikaanza kung'aa, kwanza mashavuni, halafu shingoni na mikononi. Mafuta ya Kipini yalikuwa yamefika tena, na Mama alimpaka kila siku akiamini ni kazi ya mikono yake. Siku ya harusi alimkagua binti yake aliyevishwa na kupambwa, akawaambia wanawake waliojaa chumbani, "Huyu aliyatesa macho yangu miaka yote. Leo tazameni." Shangazi wa bwana harusi alipiga kigelegele cha kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la halwa. Dada alinitazama, akatabasamu, nami nikatabasamu.

Alihamia Hola, na huko krimu ile ilipatikana madukani. Mimi tyubu yangu iliisha, na mwenye duka akawa hana nyingine. Chunusi zilirudi kwa wingi kuliko mwanzo, uso ukavimba na kuuma kwa wiki kadhaa, kisha zikapungua zenyewe. Sikumwandikia Dada kumwambia hayo. Nilidhani ni kwa sababu niliacha kutumia.

Mwaka uliofuata alirudi nyumbani. Nilikuwa uani nikichambua mchele, nikaona mwanamke amejifunika mtandio hadi machoni akiingia langoni. Sikumjua mpaka alipoongea. Mama alimpeleka ndani, akamfunua.

Uso ulikuwa mwekundu na umevimba, umejaa vipele vyenye usaha kuzunguka mdomo. Ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba hata mishipa inaonekana, na vinyweleo laini vilikuwa vimeota hadi karibu na masikio. Mikononi alikuwa na michirizi, na vidonda vidogo alivyosema havijafunga kwa miezi. Kila akiacha ile krimu, alisema, uso unawaka moto, basi anarudia. Sasa hata akijipaka unawaka.

Mama hakuuliza krimu gani. Alipasha maji yakawa vuguvugu, akamwosha polepole, akamgusagusa kwa leso. Akatoa chupa ya mafuta, akapasha viganja vyake kama zamani, akamwekea begani.

Dada alishtuka akajivuta. "Mama, yananiunguza."

"Mafuta ya nazi?"

"Yananiunguza, Mama. Samahani."

Mama alibaki ameinua viganja hewani, vinang'aa kwa mafuta. Hakujua avifanye nini. Mwisho akajifutia mwenyewe miguuni.

Tulikwenda zahanati, sisi watatu. Nesi alimtazama Dada kwa muda mrefu, akamwuliza alichokuwa akitumia. Dada akatoa tyubu kwenye mkoba. Nesi hakugomba. Alieleza kwamba hiyo ni dawa kweli, lakini ni ya kupakwa siku chache, mahali padogo, kwa amri ya daktari, na Dada ameipaka mwili kwa zaidi ya mwaka. Aliandika barua ya kumpeleka kwa daktari wa hospitali kubwa, ambaye angempangia namna ya kuiacha.

"Itakuwa mbaya zaidi kabla ya kupoa," alisema. "Uso uoshwe kwa maji tu. Usiukune, usiupake limau, usiupeleke juani. Daktari akiruhusu, mafuta mazito yasiyo na harufu, kidogo. Na uvumilie."

Kisha akauliza, "Nani alikupa?"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, goti langu linagusa goti la Dada.

"Nilinunua mwenyewe Hola," Dada alisema. "Kwa ajili ya watu wa mume wangu."

Hakunitazama. Mama alifumba macho. Ningeweza kusema pale. Nafasi ilikuwapo; nesi alikuwa akiandika, chumba kimetulia. Nilitazama sakafu.

Tangu siku hiyo Mama alimchukia yule shangazi wa Hola. Alisema yeye ndiye aliyemshika mtoto wake kidevu kama anayenunua mbuzi. Mwezi mmoja baadaye shangazi alikuja na mume wa Dada kumjulia hali mgonjwa, na Mama hakutoka chumbani. Baba ndiye aliyewapokea. Mume wa Dada alikaa uani akizungusha kikombe cha chai. Alipoaga alisema atakuja tena, na alikuja, lakini mara moja tu katika miezi minne.

Dada alikuwa amelala katika chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa leso. Ngozi ilichubuka, ikatoa maji, ikakauka, ikachubuka tena. Mama alikuwa amekatazwa na daktari kumpaka chochote, basi alikaa kitandani akimpepea kwa kipepeo cha ukindu. Nilikuwa nimemaliza shule na kupata kibarua; asubuhi nikienda kazini nilimwacha akipepea, na nikirudi nilimkuta akipepea. Nikijitolea kumpokea, alisema mimi napepea haraka mno.

Mvua za masika ziliingia na homa ikamshika Mama. Alisema ni uchovu. Siku ya tano alikuwa hatambui mtu, na siku ya saba alifariki.

Wanawake walikuja kumwosha. Mkubwa wao alimwona Dada na viganja vyake vilivyopasuka, akamwambia akae pembeni, maji yale yametiwa kafuri na sabuni, yatamchoma. Dada alisema, "Niachieni mama yangu." Akatia mikono ndani ya ndoo. Nilimwona akiuma meno. Aliosha mgongo, kisha mikono, akamaliza kwa magoti, bila kusugua, na walipompa kitambaa hakufuta, aligusagusa tu. Maji yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye viwiko na uso wake ulikuwa umeloa wote. Hakuna aliyemharakisha.

Baada ya maziko ngozi yake ilianza kupoa, polepole, kama nesi alivyosema. Uvimbe ulishuka. Vidonda vilifunga. Mashavuni pakabaki mabaka meusi ambayo hayajaondoka mpaka leo. Kila siku mpya iliyokuwa afadhali kuliko ya jana, nilijua anafikiria ni nani angefurahi kuiona.

Arobaini ya Mama ilipokaribia, wageni wa msiba wakiwa wameondoka, nilimkuta Dada jikoni nikamwambia, "Nilitaka kumwambia Mama. Kila siku nilisema kesho."

"Najua."

"Kwa nini hukunitaja?"

Aliendelea kumenya muhogo. "Ulikuwa mtoto, ulitaka kunisaidia. Na mimi ndiye niliyeendelea." Baadaye akasema, "Kinachoniuma ni kwamba Mama amekufa akimchukia yule shangazi kwa neno moja."

Mume wake alipokuja kumchukua, nilifuatana nao mpaka Hola. Tulikwenda nyumbani kwa shangazi, Dada na mimi. Nilieleza mwenyewe, tangu duka hadi zahanati. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

"Krimu ulimpa wewe," alisema. "Lakini neno nililitoa mimi. Nalikumbuka. Nilimshika hapa." Akajigusa kidevu chake.

Hakusema tumesameheana na sisi hatukuomba. Aliinuka akaenda kutuletea maji ya kunywa. Dada alivua mtandio kwa sababu ya joto, akakaa na uso wake wazi mbele yetu, na mimi nilikunywa maji yangu nikiwaza kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyestahili kuyasikia yale niliyoyasema, na tayari alikuwa amelala Garsen.